Nukta ya Ishirini

Mwalimu Mwanasaumu, Saumu kwa kifupi, alikuwa mtu wa hasira za karibu, na Likoni nzima ilijua. Jirani zake wa Mtongwe wakimwona asubuhi anafunga mtandio kwa kuukaza vile, walimsalimu kwa mbali wakapita. Lakini tumtendee haki: hakuwa akikasirikia upuuzi. Kilichompandisha mori hasa ni mtu kusema "takriban" bila kujua takriban ya wapi na wapi.

"Karibu na nini?" angemkatiza mtoto. "Sema karibu na nini, na upande gani. La sivyo kaa chini, unatupotezea wakati."

Alifundisha hisabati darasa la saba na la nane, katika shule moja ya msingi huko huko Likoni, tangu mfumo mpya wa masomo uingie. Na katika hisabati yote hakuna alichokipenda kama vipeuo vya pili. Kipeuo cha kumi na sita ni nne, kwa sababu nne mara nne ni kumi na sita. Hapo hata mvivu hupata. Kazi ni zile namba zilizokaa katikati. Ishirini, je? Nne mara nne haifiki, tano mara tano imepita. Basi kipeuo chake kiko baina ya nne na tano, lakini wapi hasa? Walimu wengine waliruka hapo. Saumu alipiga kambi.

Mamake na shangazi zake wote walikuwa wasukaji mikeka, kwa hivyo alijua pa kupata mstari mrefu wa namba kwa bei ya urafiki. Alichukua ukili, ule utepe wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, akautundika ukutani darasa la saba kutoka dirishani hadi mlangoni. Akafunga uzi mwekundu penye kila namba, toka sifuri hadi kumi. Mtoto aliitwa mbele akapewa sindano ya kushonea mikeka, akaambiwa, "Haya, kipeuo cha thelathini." Ukiichomeka ovyo, utakiona cha mtema kuni.

Ukutani pale hakuna aliyempiku Tabu. Jina lake kamili ni Mwanatabu, binti wa msukaji wa Mtongwe, msichana mrefu mwenye mikono mikubwa iliyozoea miyaa. Darasa la saba alishalirudia, na urefu ule uliwafanya wenzake waonekane vifaranga. Alishaapa mbele ya mamake kwamba hatakaa na watoto wale mwaka wa tatu. Dadake, aliyekuwa akifanya kazi ya nyumba Port Reitz, alikwisha kumtafutia mwanamke ambaye Tabu angekwenda kumlelea mtoto wake. Ama darasa la nane, ama Port Reitz. La tatu halikuwapo.

Basi Januari ya mwaka wa tisini na mbili, siku ya kufungua shule, mwalimu mkuu Nicanor akasimama mbele ya paredi akasoma majina ya waliopanda darasa. Alikuwa mtu wa bara aliyekaa pwani miaka mingi, mwenye mashati ya kupigwa pasi kali, na sheria yake moja: asiyefikisha alama hapandi, na hakuna wa kumwombea. Shule ilikuwa imepata matokeo mabaya mwaka uliopita, naye aliogopa aibu nyingine. Akasoma, akasoma, akafunga karatasi. Tabu hakutajwa.

Saumu hakungoja paredi ivunjike. Alimfuata ofisini visigino vyake vikilia sakafuni.

"Mwanatabu amekukosea nini?"

"Amekosa alama moja," Nicanor akasema.

"Moja! Mtoto unamtupa kwa alama moja?"

"Mwalimu, hebu tazama mwenyewe." Akafungua kabati, akamtandazia karatasi ya mtihani mezani. "Hii kalamu nyekundu ni ya nani?"

Ilikuwa yake. Swali liliwataka watoto waweke nukta ya kipeuo cha ishirini kwenye mstari, waseme kiko karibu zaidi na nne au na tano. Tabu alikuwa ameiweka nukta mbele kidogo ya nusu, akaandika: tano. Na hapo Saumu alikuwa amepiga mkasi mkubwa wa kosa, wa ghadhabu. Karatasi zilisahihishwa kwa namba tu, bila majina, na sasa kumbe ni ya Tabu. Alihisi damu imempanda mpaka masikioni, na hasira ikakosa mtu wa kumwangukia.

Ikamwangukia Tabu.

"Mwanatabu!" akaita dirishani.

"Abee, mwalimu." Msichana alikuwa papo hapo nje, begi begani, macho mekundu.

"Ingia. Nukta hii umeiweka vipi? Ukutani siku zote unaipata, mtihani ukija unanitia aibu?"

Tabu aliitazama karatasi. "Pa haki yake palikuwa hapa, mwalimu, nyuma ya nusu kidogo. Halafu nikaiachia ya kunywea."

"Ya nini?"

"Ya kunywea. Miyaa ikikauka, ukili hunywea. Mama hukata kwa kuzidisha kidogo, ndio mkeka ukikauka uwe wa kipimo. Ule wa ukutani tangu muhula wa kwanza ushanywea, nyuzi zimesogea. Nikaona na huu nao niuachie."

"Namba inanywea lini, wewe!" Saumu akapiga meza. "Huu umechorwa kwa rula! Umekaushwa jua la wapi?"

Nicanor akacheka. Hakucheka sana, lakini kicheko kilimtoka.

"Sasa hii ni hisabati ama ni mkeka?" Akaisukuma kalamu nyekundu mbele yake. "Lakini mimi sina neno. Kosa umeliandika wewe, lifute wewe. Weka tiki hapo, yaishe."

Saumu aliitazama kalamu ile. Angeiweka tiki, nani angejua? Mtoto angepanda, na yeye angerudi nyumbani kula wali wake kwa amani.

"Siweki," akasema. "Kipeuo cha ishirini hakiko karibu na tano, na hakitakuwa karibu na tano kwa sababu mimi namwonea mtu huruma."

"Basi atarudia."

Hapo Tabu akachukua chaki mezani bila kuomba. Akachuchumaa, akachora mstari kwenye saruji ya sakafu, akatia nne mwanzo, tano mwisho, na nusu katikati.

"Nne na nusu mara nne na nusu ni ishirini na robo," akasema, sauti ikimpanda kwa hasira ambayo hakuwa ameionyesha mtu. "Ishirini haifiki hapo, imepungukiwa robo tu. Nukta yake ni hii, upande wa nne." Akaigonga nukta mpaka chaki ikamegeka. "Nimekosea, sikatai. Lakini nimekosea unene wa kidole, na nyinyi mwanitupa mwaka mzima. Mmegombana hapa, na hakuna aliyeniuliza kama najua."

Nicanor akainama, akautazama mstari, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umeona, mwalimu? Anajua. Akirudia atajua zaidi."

Ala! Kama kulikuwa na neno la kumtoa Saumu mipakani, ndilo hilo. "Anajua, halafu arudie? Arudie nini, wallahi? Arudie kukuogopa wewe?" Akamshika Tabu mkono, akamvuta nje, akamkokota uwanjani mbele ya watu wote mpaka darasa la nane, akamkalisha dawati la mbele.

Nicanor aliwafuata, akasimama mlangoni. "Mwalimu, huyo si wa darasa hili."

"Njoo umtoe."

Darasa zima likamgeukia Nicanor. Tabu, kwa woga, akaanza kukusanya begi lake.

"Kaa!" Saumu akapiga ukelele, na hata Nicanor alishtuka. Tabu akakaa. Mwalimu mkuu akajifuta jasho kwa leso, kisha akaenda zake. Saumu akaugeukia ubao. Chaki ilimvunjikia vidoleni mara mbili kabla hajaandika swali.

Muhula wa pili ilikuja barua ya kumhamisha, apelekwe Kisauni, avuke feri, akate mji mzima, avuke na daraja, kila siku ya Mungu. Majirani wa Mtongwe walikuja kumpa pole, na mmoja akasema kwa upole kwamba angenyamaza siku ile, yasingemfika.

"Pole ya nini?" Saumu akafoka, anafunga mtandio. "Mtoto yuko darasa la nane."