Mejumaa Ajifunza Kutosalimia

Mejumaa wa Kibokoni hakuwahi kufika mahali popote bila kuuliza njia. Hata njia aliyoijua aliiuliza, kwa sababu kumpita mtu bila kumuuliza chochote aliona ni kumnyima haki yake. Kazi nayo ilimtaka hivyo. Alikuwa mwongoza watalii pale Ngome ya Yesu, na mwongoza watalii mwenye haya hulala njaa. Mgeni hajashusha mguu wa pili garini, Mejumaa ameshamsalimia, ameshamuuliza atokako, wazazi wake wazima, na mbona amekonda namna ile. Wengine walimkimbia wakajitosa ngomeni peke yao, wakidhani kule ndani ndiko kwenye usalama.

Basi katika watu wote wa kisiwa hiki, ndiye aliyeandikiwa kwenda Stockholm.

Binti yake wa pekee, Naomi, alikuwa muuguzi huko, ameolewa na Mswidi, na miaka ilikuwa imepita mingi tangu waonane uso kwa uso. Sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mejumaa alikuwa na haja moja tu duniani: amkande mwanawe kwa maji ya moto akishajifungua, amfunge tumbo, na amwogeshe mjukuu kwa mikono yake mwenyewe. Mwanamke akizaa mama yake hayupo, alisema, mgongo haurudi tena mahali pake. Alisema hivyo kwa daktari, kwa mchungaji, na kwa mtalii mmoja wa Kijapani aliyekuwa akiuliza choo kiko wapi.

Lakini nyumba ya Naomi ilikuwa ndogo, ya kupokea mgeni mmoja tu, na mama mkwe wa Naomi naye alikuwa ameomba nafasi hiyo hiyo. Mama mkwe alizijua treni za mji ule. Naomi akamweleza mama yake kwenye simu bila kuficha: daktari amemkataza kutembea sana, mumewe anafanya kazi mbali, kwa hiyo hakutakuwa na wa kumpokea mgeni uwanja wa ndege wala wa kumzungusha mjini.

"Na huku watu hawasemeshani njiani, Mama. Ukimsalimia mtu kwenye treni, anadhani umepatwa na jambo. Anahama kiti."

"Nikipotea je?"

"Hutapotea. Kila kitu kimeandikwa. Unafuata rangi ya mstari wako, unahesabu vituo, unashuka."

"Kuuliza si ujinga, mwanangu."

"Huku ni jirani wa ujinga. Mama wa rafiki yangu alikuja, akaanza kusalimia behewa zima kwa mkono. Kufika kituo cha pili alikuwa amebaki peke yake, na kituo chake kimeshapita."

Mejumaa alimwonea huruma mama yule, lakini hakuona alipokosea.

Naomi akatoa sharti. Mama ajizoeze kwanza huko huko Mombasa. Kila asubuhi atoke nyumbani mpaka kazini bila kumsalimia mtu, bila kumwitikia, bila kumuuliza. Akimaliza wiki nzima, tiketi inakatwa. Akishindwa hata siku moja, anaanza upya. Na kwa vile tumbo halingoji, akishindwa mara mbili, mama mkwe anakuja.

Msimamizi wa mtihani huo akateuliwa Bi Mwanakuu, jirani, ajuza wa Kimvita aliyekaanga viazi vya karai barazani pake na ambaye hakuwahi kusema uongo hata kwa kumfurahisha mgonjwa. Kwanza alitaka kuujua mji wenyewe. Mejumaa akamwambia alivyoelezwa: ni visiwa vilivyounganishwa kwa madaraja, na katikati kuna mji wa kale wenye vichochoro vyembamba.

"Basi ni Mombasa hiyo," akasema Bi Mwanakuu, "ilotiwa barafu."

Kwa hivyo safari ikapangwa. Mlango wa Mejumaa ukawa uwanja wa ndege. Baraza ya Bi Mwanakuu ikawa kituo kikuu. Barabara ya Ndia Kuu yote, na watu wake na paka wake, ikawa mstari wa kijani, na Ngome ya Yesu ikawa Farsta, mtaa aliokaa Naomi. Na kwa kuwa huko abiria hugusisha kadi ndipo lango limfungukie, Bi Mwanakuu alinyoosha mwiko wake njiani kama kizuizi. Mejumaa aliugusa kidogo, mwiko ukainuliwa, naye akapita akinuka mafuta.

Asubuhi ya kwanza mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa Gunga, muuza kahawa. "Sabalkheri, Mama Naomi," akasema, ameshainua dele lake la shaba. Mejumaa akapita macho yamemganda mbele. Gunga akabaki na kikombe mkononi mpaka kahawa ikapoa.

Sasa, asiyekaa Mji wa Kale hatajua uzito wa jambo hili. Hapa hata mnayeshitakiana naye mahakamani mnasalimiana kwanza, mkaulizana na hali za watoto, ndipo mkaingia kutukanana mbele ya hakimu. Anayekunyima salamu ametangaza vita. Na desturi ni kwamba ukinyimwa salamu, huendi kuuliza kosa. Unarudi ndani ukajikagua, kisha unakwenda kuomba radhi.

Gunga alijikagua. Adhuhuri alifika langoni pa ngome, kofia mkononi, akasema ni kweli, kahawa anayomuuzia kila asubuhi ni ya jana, huipasha moto tu na kuizidishia tangawizi. Hapo ndipo Mejumaa alipopaswa kumweleza habari ya Stockholm. Lakini naye ni binadamu. Alimtazama Gunga kwa huzuni, akasema atalifikiria.

Siku ya pili akaja Odera, fundi cherehani, amekumbatia mto wa kiti. Ulikuwa umeshonwa kwa kitambaa cha Mejumaa kilichobaki kwenye gauni la harusi ya Naomi, kile alichoapa kwamba hakikubaki. Siku ya tatu Beryl, mwongoza watalii mwenzake, alimvuta kando akamkiri kwamba huwaambia wageni wasimchukue Mejumaa, eti huanza historia ya ngome kwa Adamu na kufika zama za Wareno kumeshakucha siku ya pili. Mejumaa alikuwa hajawahi kujua mengi kiasi hicho kwa kusema machache kiasi hicho. Akaanza kuwaelewa Waswidi.

Siku ya nne mtaa ulichoka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wakaambiana, na bora kuuzuia mshindo mapema. Mejumaa alipoingia Ndia Kuu aliwakuta wazee wawili wa mtaa, mchungaji wake, Gunga na Odera, wamejipanga njia nzima.

"Mama Naomi," akasema mmoja wa wazee, "kama mtaa umekukosea, mtaa unakuomba radhi. Sema neno."

Mejumaa alikuwa katikati ya vituo. Akisema neno, anaanza wiki upya. Akajikaza, akapenya kati ya mzee na mchungaji, akaendelea. Nao, kwa kuwa mtu aliyeudhika hufuatwa na wala haachwi aende na kinyongo chake, wakamfuata. Wenye maduka wakawaona, wakafunga maduka wakaungana nao. Wanawake wakatoka na leso mabegani, kwa kuwa msafara wa kimya namna ile hapa hutoka kwenye nyumba ya msiba, na mtu haachi mazishi yakampita kwa sababu tu hajui aliyekufa ni nani.

Walipotokeza uwanja wa ngome, watalii walitoa simu zao. Beryl akaulizwa ni sherehe gani. Beryl hakuwahi kuwanyima wageni jibu. Akasema ni kumbukumbu ya mwanamke aliyekataa kuwaonyesha Wareno kisima, hufanyika kila mwaka, na mgeni yeyote anaruhusiwa kujiunga mradi asiseme. Wageni wakajiunga.

Mejumaa alipogusa lango, yaani alipofika Farsta, aligeuka akakuta nyuma yake umati ambao hata siku ya uchaguzi hauonekani. Akawaeleza yote. Walisikiliza. Kisha Gunga akatoka mbele, amekasirika kweli.

"Basi nirudishie siri yangu ya kahawa," akasema.

Hasira za mtaa ule hazifiki usiku. Jioni walishakubaliana kwamba Naomi ni mtoto wao, mjukuu ni wao, na kama kinachotakiwa ni Waswidi, Waswidi watakuwa wao. Asubuhi iliyofuata Mejumaa alitoka, na hapana aliyemsabahi. Gunga aliinamia dele lake. Odera aligeuzia ukuta uso. Wazee walishika magazeti mbele ya nyuso zao, mmoja kalishika juu chini. Mwanamke aliyeolewa mtaani hapo juzi tu, na ambaye hakujua kisa, alipotaka kumwamkia, alizibwa mdomo na mkwewe.

Walifanya vizuri mno. Kufika nusu ya Ndia Kuu Mejumaa aliogopa. Alikohoa, na hapana aliyesema pole. Alijikwaa, na hapana aliyeinua macho. Alijiona kama mtu ambaye matanga yake yameshakwisha na mkeka umeshakunjwa. Alifika ngomeni akajificha nyuma ya mzinga akalia, na Beryl alipomfuata na maji alimwambia, "Mwanangu anaishi hivi, Beryl. Kila siku. Mimi nimefanya dakika chache tu." Tangu hapo hakuona tena ladha ya maungamo ya mtu. Alitaka kufika tu.

Wiki ilipokwisha Bi Mwanakuu alimpigia Naomi simu. "Amefaulu," akasema. "Hasemi, hatazami, haulizi. Nami kitwa chaniuma, mato yamechoka kumtazama. Mchukue, lakini umrudishe alivyokuwa."

Tiketi ikakatwa.

Mejumaa alishuka Stockholm amevaa koti la mtumba lililomfikia vifundoni. Alivuka uwanja mzima wa ndege kwa kusoma vibao. Kwenye treni ya kuingia mjini aliona misitu imeinamishwa na theluji, kisha maji, kisha daraja, na alishikwa na hamu ya kumgusa jirani yake begani amwambie tazama. Aliufunga mdomo. Kituo kikuu aligusisha kadi, lango likafunguka. Akashuka kwa ngazi zinazotembea zenyewe mpaka tumboni mwa ardhi, akauona mstari wa kijani, akaingia, akakaa, akayatazama magoti yake kama alivyofundishwa.

Mara mtu akaja kukaa mbele yake. Mejumaa hakumtazama usoni. Kosa hilo alishalivuka. Aliona tu ncha za viatu, koti kubwa jeusi, na ndani ya koti, tumbo.

Tumbo lilikuwa limeshuka. Kwa jicho la Mejumaa, huyu alikuwa ukingoni kabisa. Ulimi ulimwasha. Alitaka kumuuliza analala upande gani, miguu haivimbi, na nani atakayemkanda akishajifungua, maana katika behewa lile zima hakuna aliyeonyesha kujua kwamba pana kiumbe njiani. Mwanamke yule alikohoa. Mejumaa aliimeza pole yake. Kiatu cha yule mwanamke kikamgusa mguu, kikakaa hapo hapo, na Mejumaa akauvuta mguu wake kwa adabu. Treni ilitokeza juu penye mji wao wa kale, minara ikapita dirishani, ikazama tena. Kituo baada ya kituo aliushika ulimi, na kadiri alivyoushika ndivyo alivyojisifu moyoni. Bi Mwanakuu angemwona sasa.

Alishuka Farsta bila kukosea. Alifuata njia aliyoikariri, akavuka barabara, akaupata mlango na jina la mwanawe, akabonyeza kengele. Kimya. Akabonyeza tena. Alifikiri mtoto amezaliwa, amechelewa, mama mkwe amemwahi.

Nyuma yake theluji ililia chini ya viatu. Yule mwanamke wa koti jeusi alikuwa anakuja polepole, mkono mmoja mgongoni, anahema. Alisimama mbele yake, akaishusha skafu iliyomfunika mpaka puani.

"Mama," akasema Naomi.

Mejumaa aliutazama uso, kisha koti, kisha ncha za viatu.

"Nilishindwa kukaa nyumbani. Nilikuona kituo kikuu nikakufuata. Nikakaa mbele yako." Naomi alijaribu kucheka ikashindikana. "Nikasema sisemi kitu. Mama yangu hawezi kukaa mbele ya mwanamke mwenye tumbo asimuulize hali. Nitamwacha aniulize yeye. Tangu nije nchi hii hakuna aliyewahi kuniuliza hali kwenye treni ile. Nilikungoja vituo vyote, Mama."

"Si wewe uliyenikataza?"

"Ni mimi." Sasa alikuwa analia waziwazi, pua nyekundu kwa baridi. "Umefaulu vizuri sana."

Mejumaa aliweka mizigo yake chini kwenye theluji. Aliuvua mkono wake glavu, akauingiza ndani ya koti la mwanawe, akauweka kwenye tumbo, akaanza. Hujambo, Naomi. Umeamkaje. Umelalaje, ubavu gani. Mgongo waonaje. Miguu je. Chakula kinakaa tumboni? Mume hajambo? Mama mkwe hajambo, na wa kwao wote? Naomi aliitikia moja baada ya moja, hajambo, salama, kinakaa, wazima, kama mtu anayelishwa.

Jirani mmoja alifika na mifuko yake ya dukani akitaka kuingia, akawakuta wameziba mlango. Alisimama, akayatazama magoti yake. Wakamwacha angoje, kwa sababu salamu zilikuwa bado hazijafika kwa mtoto.