Salvina wa Uru na Miringaringa Ishirini na Miwili

Mara ya kwanza kufanya biashara na Salvina wa Uru nilitoka na mbao chache na aibu kidogo. Ilikuwa mwaka 1972. Upepo ulikuwa umeangusha mringaringa mkubwa kwenye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, katikati ya migomba, nami nilikuwa naanza kujulikana Moshi mjini kama mtu wa mbao. Banda langu lilikuwa Majengo. Nililijenga mwenyewe baada ya miaka sita ya kusukuma mkokoteni, kwa hiyo nilipanda mlima nikijua mjane mwenye jembe begani hataniumiza kichwa.

"Huu mti umekuvunjia migomba," nikamwambia. "Nikuondolee mzigo."

"Migomba imeshavunjika," akasema. "Mzigo sasa ni wako, maana wewe ndiye uliyepanda mlima kuufuata."

Bei ikaanzia hapo, mahali nisipotaka ianzie. Alitaka mbao zipasuliwe pale pale, matawi yote yabaki kwake yawe kuni, na unga wa mbao abaki nao wa kutandika zizini. Nikamwambia hakuna mtu anayeuza mti namna hiyo. Akanijibu kwamba hakuna mtu anayenunua mti huku amekalia kigoda cha mwenye mti na kunywa maziwa yake. Nikamaliza maziwa, nikakubali. Tangu siku ile nilimweka kwenye hesabu ya watu ambao ukienda kwao unakwenda umeshiba.

Wakati huo alikuwa na miaka arobaini hivi. Mumewe alikuwa amemwachia binti mmoja, Redempta, ng'ombe wawili wa kufungia ndani, na kihamba kilicho chini kabisa ya mteremko. Juu ya kihamba ulipita mfongo, yaani mfereji wa maji unaotoka korongoni na kugawia nyumba arobaini. Juu ya mfongo ndipo ulipokuwa mteremko wa shemeji yake, Basili, mdogo wa marehemu. Kwenye mteremko huo ilisimama miringaringa ishirini na miwili, na mizizi yake ndiyo iliyoshika udongo. Udongo ukishuka unaziba mfongo, mfongo ukiziba maji yanavunja ukingo, na nyumba ya kwanza kuyapokea ni ya Salvina. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Nilipoiona ile miti mimi niliona mbao.

Mwaka 1981 bati lilikuwa halionekani madukani. Basili alikuwa amesimamisha kuta za nyumba ya matofali, zikanyeshewa misimu miwili bila paa. Mimi nilikuwa na mabati thelathini, niliyoyapata kwa njia ndefu ambayo haina faida kuieleza hapa. Tukapatana mabati thelathini kwa miti ishirini na miwili. Wiki haikuisha, mabati yakawa juu ya nyumba yanang'aa. Miti nikaiacha isimame kwanza, nikingoja mvua zikatike barabara ya Uru ikauke.

Salvina akashuka mjini, akanikuta bandani.

"Mikidadi, ile miti usiiguse."

"Mama Redempta, ile miti nimeinunua."

"Umenunua miti. Mteremko hukununua."

"Sijasema nautaka mteremko."

"Utaifuata miti wenyewe, bila lori. Tena hautafika Majengo, utaishia jikoni kwangu."

Nikamwambia aende akazungumze na shemeji yake. Akasema Basili hamsalimii yeye wala watu wa mfongo kwa miaka saba sasa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ana haraka, ng'ombe hawajala.

Mwezi uliofuata kijiji kikaitisha semina ya siku tatu kwenye ukumbi wa parokia. Ilihusu uongozi na kuhifadhi ardhi. Mimi sikualikwa. Nilipeleka mabenchi ya kukodi, nikabaki kwa sababu nilitaka kupanga na Basili siku ya kukata. Mwalimu wa semina alikuwa bwana shamba, Evaristo, mtu mwembamba aliyevaa viatu vya mvua hata jua likiwaka. Nilidhani ataleta picha za makorongo na kuwaambia watu wachimbe makinga maji, kama walivyozoea kuambiwa tangu enzi za Mwingereza, na kama walivyozoea kutochimba. Hakuleta picha.

"Leo hakuna kuagiza mtu," akasema. "Kila mmoja ataeleza kisa cha kipande kimoja cha ardhi anachokijua. Nani alikilima, kilipatwa na nini. Anayetaka kuongoza wenzake na aanze kwa kueleza vizuri."

Nikasema moyoni, kazi imekwisha duniani. Lakini watu wakapenda. Mmoja akaeleza shamba la porini lililokuwa na mahindi na sasa lina mawe. Mwingine kahawa ya baba yake. Kisha Salvina akasimama, na Rogath, mzee wa mfongo, akainua fimbo.

"Mama, kama ni habari ya mfongo, kaa. Mfongo una wanaume wake."

"Shikamoo, mzee. Sisemi habari ya mfongo. Nasema habari ya matope yaliyoingia jikoni kwangu. Hayo nayo yana wanaume wake? Kama wapo, waje kuyafagia."

Ukumbi ukacheka, Rogath akashusha fimbo. Nami nakiri, yule mwanamke alijua kueleza. Aliusimamisha ule mteremko mbele yetu, mti mmoja mmoja. Akauvua nguo, akaushusha kwenye mfongo, akaupitisha jikoni mpaka kwenye sufuria. Mimi nilikuwamo, na tumbo langu lilikuwa kubwa kuliko lilivyo. Kisha akamtaja Basili kwa jina. "Shemeji yangu ameuza mlima ili apate kofia ya bati." Watu wakacheka tena, na waliocheka zaidi walikuwa wa upande wa mke wa Basili. Baba mkwe wake alikuwa amekaa benchi la mbele.

Hapo alikosea. Mlimani mtu unaweza kumsema kwa mengi, ila si mbele ya wakwe zake. Basili akasimama. Akapita kwangu mlangoni, akasema bila kupunguza sauti, "Leta msumeno Jumatatu. Barabara ikiwa mbichi, ng'ombe watavuta magogo."

Nilifurahi. Semina nzima, na msimulizi wake hodari, walikuwa wamenifanyia kazi yangu bure.

Nilipokuwa nahesabu mabenchi nikamsikia Evaristo akizungumza na Salvina nje ya dirisha.

"Mama, umeeleza vizuri sana. Ila Basili umemwacha bila pa kukaa."

"Mabenchi si yapo?"

"Mama."

"Nimesema uongo gani?"

"Sikusema ni uongo. Nauliza wewe ulikuwa wapi kwenye kile kisa. Mikidadi nimemwona, Basili nimemwona, miti nimeiona. Wewe nimekuona ukifagia tu."

Salvina akaondoka. Siku ya pili hakuja. Nikajua ameshindwa, nikaagiza msumeno utiwe makali.

Siku ya tatu, ambayo ilikuwa Jumamosi, Basili alikuwapo, kwa sababu baba mkwe alimwambia aje asionekane amekimbia. Salvina akaingia amechelewa, mkononi ana jani la isale. Mgeni wa mlimani huliona ni jani la kawaida, refu na jembamba, la mmea unaopandwa mipakani. Mchagga akiletewa jani hilo anajua mwenzake amekuja kuomba radhi, na kulikataa ni jambo ambalo hata mkorofi hulifikiria mara mbili.

Hakumpa mtu. Alilishika tu, akaeleza upya. Safari hii hakuanza na mimi wala na bati. Alianza na mwaka wa njaa, sabini na nne, nyasi zimekauka mpaka porini, ng'ombe wake ana mimba kubwa na hawezi kuinuka. Nyasi mbichi zilibaki mahali pamoja tu, kwenye ukingo wa mfongo, na wakati wa kiangazi ukingo wa mfongo haukatwi majani.

"Sikukata," akasema. "Kukata kungekuwa nafuu. Niling'oa kwa jembe, na mizizi yake, asubuhi tatu. Ng'ombe akasimama, akazaa. Mvua ilipokuja ukingo ukabomoka. Wazee wakatafuta mkosaji, wakasema ni mbuzi wa Basili. Basili akasema mbuzi wake walikuwa wamefungwa. Hakuna aliyemsikia. Akatozwa pipa la pombe ya mbege na beberu. Mimi nilikuwapo siku anamleta yule beberu. Nilimwona anapita, nikainama kana kwamba napalilia."

Hakuna aliyecheka. Rogath, ambaye ndiye aliyetoza ile faini, alikuwa anaangalia kifundo cha fimbo yake. Salvina akavuka ukumbi, akamnyooshea Basili lile jani kwa mikono miwili.

"Naomba radhi kwa mbuzi. Na kwa Alhamisi pia."

Basili akaliangalia lile jani. "Miaka saba, shemeji," akasema.

"Miaka saba."

"Beberu alikuwa mzuri."

"Nilimwona."

Akalipokea. Kisha, kwa kuwa naye alikuwa Mchagga wa kufanya biashara, akaongeza, "Hili nimepokea. Lakini mabati yako juu ya nyumba, na msumeno wa Mikidadi hausikii majani. Ile miti nilimuuzia kwa hasira ya mbuzi hao hao. Hasira imekwisha, miti si yangu tena."

Watu wote wakanigeukia. Nimepatana bei na Wahindi, Wapare na mameneja wa mashirika. Sijawahi kupatana na ukumbi mzima uliokaa juu ya mabenchi yangu mwenyewe. Nikapiga hesabu haraka. Ile miti ilikuwa yangu, hakuna wa kunipinga. Lakini nikiiangusha Jumatatu, baada ya lile jani, sitauziwa tena hata mti wa kuni kutoka Uru hadi Kibosho. Miti ishirini na miwili ya leo dhidi ya miti yote ya kesho. Mtu mwenye banda hachagui vibaya hapo.

"Nichukue mitatu kila mwaka," nikasema. "Ile iliyokomaa, ya ukingo wa juu. Bwana shamba achague."

"Miwili," akasema Salvina. "Na kila unaoanguka, mipandwe mitano."

"Mama, wewe huna mti hapa wa kusemea," nikamwambia.

"Nina jiko."

Evaristo akasema miwili ndiyo itakayouacha mteremko salama. Nikakubali miwili, lakini nikataka malipo ya subira yangu. Magogo yasiburutwe, yabebwe na watu wa mfongo mabegani mpaka barabarani, bila ujira. Na mringaringa wowote utakaoanguka kwenye vihamba vyao, mimi niulizwe kwanza.

"Utakaoangushwa na upepo," akasema Salvina. "Si upepo wenye meno."

Tukashikana mikono mimi na Basili na Rogath. Kisha wazee wakakaa pembeni kuamua habari ya Salvina, maana kosa lilikuwa limekiriwa mbele ya watu na haliwezi kuachwa. Rogath akarudi na uamuzi. Alipe kama alivyolipa Basili, pipa la mbege na beberu, na Basili ndiye apewe. Tena asikanyage ukingo kutafuta majani maisha yake yote.

"Nitalipa," akasema Salvina. "Ila mzee, unitoe ujinga. Faini ya mfongo anatozwa nani?"

"Mtu wa mfongo."

"Basi mimi ni mtu wa mfongo. Mkikutana tena, nitakuja na kigoda changu."

Rogath akageukia wazee wenzake. Mzee mmoja nyuma akasema kwa Kichagga jambo lililowachekesha wenzake mpaka wakapanguza macho. Nikaomba nitafsiriwe, wakakataa.

Mkutano uliofuata alikwenda na kigoda chake, na hakuna aliyemwondoa. Miaka miwili baadaye walimpa kazi ya kusimamia upandaji wa ukingo mzima, kwa kuwa, alisema Rogath, hakuna anayejua zaidi jinsi unavyobomoka. Evaristo akaanza kumchukua kwenye semina za Kibosho, na mara moja hadi Tarakea. Husimama na kuanza na jembe lake na zile asubuhi tatu. Wanaosikiliza huanza kukumbuka majembe yao. Nilikwenda mara moja Kibosho na mabenchi, nikaona mwanamume mzima anasimama na kukiri alisogeza ukingo wa mtaro wa jirani. Tumbo langu bado limo kwenye kisa. Nimemwomba alipunguze, akaniuliza nitampa nini.

Sasa ni 1985, nami naweza kusema kila mtu ametoka na nini. Salvina aliuza ng'ombe mmoja, kwa sababu bila majani ya ukingo hakuweza kulisha wawili, na yule mmoja aliyebaki humkatia nyasi porini, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi, na magoti yake yameanza kulalamika. Jiko lake halijaingia matope tangu wakati ule, hata kwenye mvua za mwaka jana ambazo ziliziba mifongo miwili ya jirani. Basili ana paa, ana shemeji wa kusalimiana naye, na jina lake limesafishwa. Amebaki na mteremko ambao hawezi kuuuza mara ya pili. Huwa anaupitia jioni na kuhesabu miche. Mimi nilimkosa mteja aliyetaka mbao zote kwa mkupuo. Alikwenda kwingine, hakurudi. Nimeshachukua miti minane, na miwili ya mwaka huu imewekwa alama. Kumi na miwili mingine imesimama, inanenepa, na kwa sababu miteremko mingi ya huku imeshavuliwa, kila mwaka mbao zangu zinatakiwa zaidi ya mwaka uliopita. Wabebaji ni bure. Wiki iliyopita Salvina alituma mtu Majengo kusema kwamba tangu miche ya mteremko na ya ukingo ifike mia moja na hamsini, watu wa mfongo wanataka sehemu hiyo ya ubebaji ijadiliwe upya. Nitapanda Jumapili. Nitakula kwanza.