Rauta Iliyosubiri Uchaguzi

Kaka yangu alistaafu, akaagwa kwa hotuba tatu na saa ya ukutani, akarudi nyumbani Msambweni kuendelea na kazi ile ile. Alikuwa mkuu wa stoo katika ofisi moja ya serikali kule Matuga, na kwa miaka yote aliyokaa huko haikutoka kalamu wala ndoo bila saini yake. Nyumbani hakukuwa na stoo, basi akatufanya sisi ndio stoo. Kijiko kikipinda, ataka kujua kimepindwa na nani na kwa kazi gani. Balbu ikiungua, haitupwi mpaka aitikise karibu na sikio, aisikilize, kisha atamke mwenyewe kwamba kweli imeungua.

Nyumba ni ya marehemu wazazi wetu. Yeye na mkewe wanakaa upande wa mbele. Mimi nina vyumba viwili vya uani, ambamo niliingia baada ya ndoa yangu kunishinda, au mimi kuishinda, yategemea nani anahadithia. Ninafundisha Kiswahili kwa mtandao. Wanafunzi wangu ni wazungu watu wazima waliowahi kuja Diani kwa likizo, wakapapenda, wakataka kusema zaidi ya jambo na asante. Kazi hii yataka vitu viwili: subira, ambayo ninayo kiasi, na intaneti, ambayo ilitegemea rauta ya kaka yangu.

Nasema ya kaka yangu kwa sababu mkataba una jina lake. Malipo ya kila mwezi ni yangu, lakini hilo yeye hulihesabu kuwa jambo dogo. Siku waya wa mtandao ulipofika mtaani kwetu, ndiye aliyetia saini, akaipokea ile rauta kwa mikono miwili, akaiketisha sebuleni kwenye meza ndogo, juu ya kitambaa alichokifuma marehemu mama. Miaka ikapita. Rauta iliyokuwa nyeupe ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Antena moja ilivunjika, kaka akaifunga kwa plasta ya vidonda. Ilipoanza kupata joto, akaielekezea panka la mezani, likawa laipepea mchana kutwa. Hata mwezi wa pili, jua likiwa limesimama juu ya mabati, wageni walikuwa wakiketi pale sebuleni huku jasho lawatiririka, wakitazama panka likikipepea kisanduku.

"Sasa haichemki sana," kaka huwaambia, kana kwamba wameuliza.

Kisha ikaanza kukwama. Haikufa, maana ingekufa tungeizika. Ilikuwa yazimia katikati ya somo, taa nyekundu ikawaka, na mimi nikabaki kwenye kioo cha mwanafunzi nimeganda na uso wowote uliokuwapo. Mwanafunzi wangu mmoja, mwalimu mstaafu wa muziki, aliniandikia kwa Kiswahili safi kabisa: "Mwalimu, leo nimekutazama dakika saba ukiwa umefumba jicho moja na mdomo u wazi. Je, hii ni sehemu ya somo?"

Asubuhi ile ile nikaenda upande wa mbele.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama. Kaka, rauta imezeeka. Nataka tununue nyingine."

Akavua miwani. Kaka akivua miwani ujue mtu ataandika barua.

"Imezeeka kwa mujibu wa nani?"

"Kwa mujibu wa macho yangu."

"Macho si ripoti," akasema.

Basi ikaundwa kamati. Mwenyekiti alikuwa yeye. Katibu alikuwa mkewe, wifi yangu, na hapa nasema wifi wa ndoa, si ile ya hewani, ingawa wakati ule mke wa kaka ndiye aliyekuwa akipatikana kwa uhakika. Mimi nikaandikwa mlalamikaji. Nikatakiwa kwa mwezi mzima kutoa taarifa kila rauta inapokwama: saa ngapi, hali ya hewa ilikuwaje, na mimi nilikuwa nikifanya nini wakati huo, kwa sababu, alisema kaka, vifaa vingi huharibiwa na matumizi. Wifi akatafuta daftari la shule lililobaki kurasa, akaandika kila kitu kwa mwandiko mzuri. Ninalo daftari hilo mpaka leo. Ukurasa wa kwanza unasema: "Saa nne na nusu asubuhi. Imekwama. Jua kali. Mlalamikaji ametukana."

Ukurasa wa pili: "Saa nane na robo. Imekwama. Mawingu. Mlalamikaji ametukana tena."

Mwezi ukaisha, ripoti ikawa kurasa kumi na nne. Kaka aliisoma yote, akasema kwamba lugha ya mlalamikaji imetia doa ushahidi wake, na kwamba uchunguzi urefushwe.

Siku hizo alikuwa na jambo jingine kichwani. Kijiji chetu kina kisima cha pampu ya mkono kinachotegemewa na nyumba nyingi, na mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa amehamia Waa kwa mwanawe. Ukatangazwa uchaguzi. Kaka alikuwa wa kwanza kupeleka jina. Mpinzani wake alikuwa mjane mmoja muuza samaki wa kukaanga, mwanamke asiye na maneno mengi, ambaye kwa miaka mingi pampu ikiharibika ndiye huja na spana yake, akavua viatu, akaifungua na kuitengeneza. Kaka hajawahi kuigusa pampu ile. Hoja yake ilikuwa kwamba kisima hakina faili.

Niliona anavyojitahidi. Jioni alikuwa akitoka na kofia yake safi, apita kwa kinyozi, apita kwa mama wa chapati, aketi kwenye hoteli iliyo ng'ambo ya barabara, ile ya mabenchi mawili na televisheni, anywe chai na watu wasiowahi kumsikia akisema lolote ila kuulizia kijiko. Ajabu ni kwamba walikuwa wakimchangamkia. Nikasema moyoni, labda kuzeeka kumemlainisha. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Mwishoni nilichoka na uchunguzi, nikapiga simu Ukunda kumwita fundi bila idhini ya kamati. Akaja kwa pikipiki msichana wa bara, mkanda wa vifaa kiunoni, ngazi begani.

"Sasa mzee," akamsalimu kaka.

"Sasa nini?" kaka akamuuliza.

"Ni salamu tu, mzee."

"Kwetu salamu ni shikamoo. Na fundi mwenyewe yuko wapi?"

"Mimi ndiye."

Kaka alichungulia nyuma yake, barabarani, pengine yuko mwanamume amejificha. Alipoona hayuko, akaketi karibu na panka. Msichana akapima waya wa nje, akasema uko sawa. Akaigusa rauta, akaondoa kidole upesi.

"Hii box ni ya kitambo manze. Hata plasta imewekwa! Nani alikuwa anaiuguza?"

Wifi alikimbilia jikoni kucheka huko.

Fundi akaunganisha kompyuta yake, akatulia, kisha akanigeukia. "Mathe, hapa ndani mko wangapi?"

"Watatu."

"Na simu ni ngapi?"

Nikahesabu: simu tatu, kompyuta yangu, basi.

"Kuna vifaa ishirini na sita vimeingia saa hii. Hii box haiwezi kubeba hiyo yote, lazima izimie." Akaanza kusoma majina ambayo watu wamezipa simu zao. "Kuna Kinyozi Nambari Wani. Kuna Chapati Moto. Kuna Boda wa Stendi. Na kuna hii inaitwa TV ya Hoteli."

Tuliposikiliza vizuri tukaisikia televisheni yenyewe, ng'ambo ya barabara, mtangazaji wa mpira akipiga kelele.

Nikamtazama kaka. Kaka akaitazama saa yake ya ukutani.

"Kaka," nikasema, "TV ya hoteli imeingiaje nyumbani kwetu?"

"Ujirani mwema," akasema.

Kumbe kila alikopita na ile kofia alikuwa akiacha paswadi. Aliiandika kwenye vikaratasi vidogo vilivyokatwa sawasawa kwa rula, akampa kila mtu wake, akimwambia asimpe mwingine. Na mimi, mwezi mzima, nilikuwa nikiandikwa kwenye daftari kwamba natukana, wakati kinyozi anaangalia vichekesho kwa intaneti ninayoilipia, na mtu mwenye habari kamili ameketi kiti cha mwenyekiti akiniuliza kuhusu mawingu.

Fundi alipoondoka nikasema kesho naenda Ukunda kununua rauta mpya. Kaka alinifuata uani. Hakuja na miwani. Akasimama mlangoni kwangu, akabisha hodi, jambo asilolifanya siku zote.

"Mdogo wangu, rauta mpya ina paswadi mpya?"

"Ndiyo."

"Basi ngoja uchaguzi upite. Zimebaki wiki tatu. Nikiwakatia sasa, nitakuwa nimewafukuza mlangoni."

Nilikuwa na maneno tayari, mengine yalikuwa mazuri sana, nilikuwa nimeyapanga tangu fundi aliposoma jina la Chapati Moto. Lakini nilimwona amesimama pale, nikakumbuka siku niliyorudi na masanduku yangu mawili. Mtu huyu anayeuliza kijiko kimepindwaje hakuniuliza hata neno moja. Alichukua sanduku zito, akaniachia jepesi, akasema vyumba vya uani vimefagiliwa. Nikamwambia haya, nitangoja.

Kwa wiki tatu nilifundishia Diani, kwenye mkahawa wa kahawa za bei ya kitoweo, kikombe kimoja saa nne nzima. Mhudumu alikuja kila baada ya nusu saa kuniuliza, kwa Kiingereza, kama ningependa kitu kingine. Nilimjibu kwa Kiswahili kirefu cha kwetu, chenye shukrani na dua, mpaka akakoma kuuliza. Wanafunzi wangu walifurahi kusikia ndege na vijiko. Mwalimu wa muziki alisema sasa naonekana mwenye afya.

Uchaguzi ulifanyika Jumamosi asubuhi katika darasa la shule ya msingi. Kura zilikuwa za siri: unaandika jina kwenye karatasi, unatia ndani ya ndoo yenye mfuniko. Siku hiyo, kwa bahati mbaya ya kaka, pampu ilikuwa imekwama tangu alfajiri, na mjane alifika amechelewa, mikono ina grisi hadi viwikoni, akaomba radhi, akaketi nyuma. Kaka alihutubia robo saa juu ya umuhimu wa leja. Mjane alipopewa nafasi, alisimama akasema, "Maji yashatoka," akaketi.

Nilikuwa na karatasi mkononi. Ningependa kusema kwamba niliwaza sana. Sikuwaza. Niliandika jina la mjane, nikaikunja, nikaitia ndooni, nikarudi kuketi kando ya wifi, ambaye aliikunja yake upesi mno hata sikuona.

Kaka alipata kura kumi na moja. Tukiondoa aliyojipigia mwenyewe, zabaki kumi: wageni wa rauta yetu hawakutimia nusu kumchagua.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Adhuhuri ikaingia, akaswali, akakataa chakula. Baadaye mpira ukaanza kule hotelini. Ilionekana bao limefungwa, maana walipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Kaka akainuka kitini, akaenda kwenye meza ndogo, akaichomoa rauta kwenye stima.

Ng'ambo ya barabara mtangazaji akakatika katikati ya neno. Kisha zikaja sauti za wanaume wengi kwa pamoja: "Eeeh! Eeeh!"

"Mke wangu," kaka akasema, "lete daftari. Andika: kifaa kimechunguzwa na kamati, kimeonekana hakifai kwa matumizi."

Wifi akaandika. "Sababu?"

"Uzee," akasema kaka.

Haikupita nusu saa mwenye hoteli akabisha hodi, mpole kabisa. "Salaam aleikum mzee. Poleni na shughuli. Naona kama mtandao umepotea."

"Aleikum salaam. Mtandao haukupotea," kaka akamjibu mlangoni, bila kumkaribisha ndani. "Waliopotea ni watu."

Jumatatu tulikwenda Ukunda wote wawili. Aliikagua rauta mpya ndani ya duka kana kwamba ni mali ya wizi, akasoma kila neno kwenye boksi, akataka stakabadhi mbili. Msichana fundi akaja kuifunga. Safari hii alisema shikamoo, na kaka akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyeshinda kitu. Paswadi nilichagua mimi, ndefu, yenye alama ambazo hata mimi sijui kuzitamka. Tangu siku hiyo sijawahi kuganda mbele ya mwanafunzi.

Jioni kaka alikuja uani na simu yake ili aingizwe. Akaketi kwenye kigoda, akaishika bila kunipa.

"Nataka nikuulize jambo," akasema. "Wewe ulinipigia kura?"

"Kura ni siri, kaka."

Akanitazama muda mrefu kwa yale macho ya stoo. Nilidhani atataka nieleze saa ngapi na hali ya hewa. Akauliza tena, polepole: "Na mke wangu?"

"Kaa naye umuulize."

Aliinuka, akaenda hadi mlangoni, akasimama, akarudi, akaniwekea simu mkononi. "Simuulizi," akasema. "Wewe niingize tu."

Nikamwingiza.