Chura na Paka, Sauti Moja

Kila Jumapili kibanda cha katuni cha Mama Refugio, pale sokoni Puebla, hugeuka baraza. Safari hii wateja wake Nicanor na Ximena walikuwa wanavutana juu ya kitabu kipya, ambamo Kapteni Chura na Paka Mpelelezi, kila mmoja na kipindi chake cha televisheni, wanakutana kwa mara ya kwanza na kugombana.

"Huyo paka wako angechapwa asubuhi na mapema," Nicanor alisema.

"Na nani? Chura anayeogopa maji?" Ximena akamcheka. "Mama, hebu tuamulie."

Mama Refugio alikuwa anamenya chungwa. "Niamue nini? Mimi nikisoma namsikia mtu mmoja anajigombeza."

Katika vipindi vilivyotafsiriwa kwa Kihispania, mashujaa wote wawili walisemewa na mwigizaji mmoja wa sauti, Don Eleuterio, na watoto wa Mexico hawakuwajua kwa sauti nyingine.

"Umetuharibia kitabu, mama," Nicanor alilalamika.

"Nimekiharibu wapi? Don Eleuterio tulimzika mwaka jana. Rudini ukurasa wa kwanza, someni polepole, mwacheni mzee aongee."