Kona ambayo kuku hawaikanyagi

Saa tisa na robo alasiri, Mama Pasi anasimamisha pasi yake ya mkaa juu ya kigae, anajifuta jasho kwa pindo la gauni na kusogea dirishani. Anaweka kidole mdomoni.

Nje, kwenye ua wa hatua kumi na mbili kwa tisa, kuku wake wanaacha kuparura. Mmoja baada ya mwingine wanajipanga kama upinde, vichwa vimelala upande, kila mmoja akikodolea jicho ile kona ya ukuta wa nyuma. Wako kumi na wawili na hakuna anayelia. Hata yule mweupe, ambaye kunyamaza hajui, amekuwa bubu.

"Saa yao ndiyo hiyo," anamnong'oneza mgeni wake. "Usiwafukuze. Wataacha wenyewe."

Baada ya dakika nne wanatawanyika, wanarudi kwenye shughuli zao kana kwamba hakuna lililotokea.

Mama Pasi ni dobi. Kwa miaka kumi na minne mtaa mzima umemjua kwa mashati yaliyonyooka, na ndiko jina lilikotoka. Lakini sabuni imemla mikono. Viganja vimepasuka, na asubuhi vidole vinagoma kukunjika.

"Daktari aliniambia nichague moja, maji au vidole," anasema na kucheka. "Nikachagua kuku."

Mumewe, fundi baiskeli, hakutaka hata kusikia. "Nilimwambia, mke wangu, hapa mjini sisi wenyewe tunabanana, hao kuku watalala wapi? Kitandani kwangu?" Hata hivyo, baada ya wiki moja alikuwa ameshagongelea banda la mbao kuukuu, na magurudumu mawili yaliyochakaa yakawa madirisha yake.

Kuku walikua vizuri. Tatizo likawa kona ile.

Hawakuikanyaga. Binti yao wa miaka tisa, wanayemwita Kitinda, alikuwa akiwarushia mtama huko kwa makusudi. Kuku walikuja mbio, wakafika mahali fulani, wakafunga breki. Mtama ukabaki, mvua ikanyesha, ukaota. Mpaka leo Mama Pasi anakumbuka jinsi ulivyokuwa wa kijani, duara kabisa, kama mtu ameupima kwa kamba.

Fundi alifanya mzaha kwamba kuku wake wana mpaka wao na karibu watadai pasipoti. Mzaha ulimwishia siku mama yake mzazi alipozungumza.

Bibi huyo anaishi nao, na ana miaka kumi hasikii. Ukitaka kumwita, unamgusa bega. Alasiri moja alikuwa ameketi chumbani, akainua uso na kusema, "Kuna mtu anagonga bakuli huko nje. Mwambieni aingie."

Mama Pasi alitoka. Hapakuwa na mtu. Kuku walikuwa wamejipanga.

"Nilirudi ndani nikamgusa bega, nikamwonyesha kwa mikono kwamba hakuna mtu. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye nisiyesikia."

Usiku huo Fundi alitaka kuku wote wauzwe. Mkewe akamwonyesha viganja vyake. Kuku wakabaki.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, nyumba moja ya wageni ilileta mablanketi manane kwa mkupuo. Kamba za kawaida hazikutosha, na jua lilikuwa kwenye kona ile tu. Fundi akachimbia nguzo mbili pale. Mama Pasi akatundika mablanketi yakiwa bado yanachuruzika, akarudi kwenye beseni na kumwagiza Kitinda apeleke vibanio.

Ilikuwa saa tisa na kitu. Mtoto alipofika nusu ya ua, kuku wote walimvamia miguuni. Kwa mara ya kwanza saa ile walikuwa wakipiga kelele, wakimparua na kumgonga magoti.

"Mama, hawataki nipite!"

"Wapige teke, upite!"

Anapofika hapa Mama Pasi anajinyooshea kidole. "Nilimwambia hivyo mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Kitinda hakuwapiga teke. Aliinama ambembeleze yule mweupe. Ndipo ikasikika sauti, si kishindo, zaidi kama mtu mzima anayeshusha pumzi, na kona ikazama. Nguzo, kamba na mablanketi manane vilikwenda chini bila hata kupiga kelele. Mtoto alikuwa hatua tatu kutoka ukingoni.

Fundi alifunga tofali kwenye kamba na kulishusha. Mita nane halikugusa kitu.

Fundi viatu wa upande wa pili wa barabara, mkazi wa siku nyingi, ndiye aliyewaeleza. Lilikuwa shimo la choo cha zamani, lililofunikwa mbao na udongo, na miaka ikapita.

"Mama aliyepanga hapo kabla yenu naye alifuga kuku," akaongeza. "Aliwalishia kona hiyohiyo. Saa tisa hukosei, utamsikia anagonga bakuli lake la bati kuwaita. Alifariki kwa maradhi ya kawaida, sasa ni mwaka wa sita."

Mama Pasi anasema aliposikia neno bakuli alikaa chini palepale barabarani. Yale aliyoyasikia mama mkwe wake hakuwa amemsimulia mtu.

Mwenye nyumba aliapa kwamba hakujua kuna shimo. Alileta kifusi malori mawili, kikashindiliwa. Fundi amepapima pale kwa kuruka, na ardhi ni ngumu kama sakafu. Kuku bado hawakanyagi. Bibi naye akiulizwa kwa ishara, hujibu taratibu, "Anagonga bado. Ila siku hizi kwa upole."

Majirani wanawashauri wahame. Mama Pasi anatikisa kichwa. "Nimhame mtu aliyenishikia mtoto?"

Kuku sasa wanatoa mayai tisa kwa siku, na viganja vyake vimeanza kufunga nyufa. Ifikapo mwisho wa mwaka anataka kuacha kufua kabisa, abaki na pasi tu. Fundi, yuleyule aliyekataa, ameshapima mahali pa banda la pili, mbali na kona.

"Kuna kuku mmoja nimeshamwekea oda, na vifaranga wake kumi," anasema Mama Pasi, akichukua tena pasi yake. "Hawa wangu walitotolewa kwenye mashine. Walifika hapa hawana mama, wakamsikiliza waliyemkuta. Hao wanaokuja nataka wafundishwe na mama aliye hai."