Nafasi ya Sufuria za Shangazi

Makala, yaani makaa ya kupikia, yakilowa mvua yana harufu yake. Ni moshi mchachu, unashika kooni na kukaa kwenye nguo mpaka Jumapili. Hata leo, jirani akiwasha mbabula yake, lile jiko dogo la makala, mvua ikiwa imenyesha, mimi hufunga dirisha, na hasira yangu ya zamani huamka. Hasira hiyo ina jina. Inaitwa shangazi Masika, dada mkubwa wa baba yangu.

Vita vilipofika kijijini kwetu, upande wa Rutshuru, tulikimbilia kwake Munigi, juu kidogo ya Goma. Mama alikuwa na mimba kubwa. Kichwani alibeba sufuria zake zimefungwa ndani ya kitenge, maana kwetu mwanamke hukimbia na watoto na sufuria, mengine humwachia Mungu. Shangazi alitupa chumba cha kulala, sitamnyima haki yake. Lakini mama alipotaka kuingiza sufuria jikoni, shangazi alisimama mlangoni.

"Utanisamehe, Mama Paluku," alisema, akimwita kwa jina la kaka yangu mkubwa. "Jikoni yangu ni kadogo. Fasi haiko. Masufuria yako ibakie inje."

Eti fasi haiko, nafasi hakuna. Nilichungulia kwapani mwake, nikaona. Sufuria kubwa za harusi na za matanga zilikuwa zimetandazwa sakafuni kote, kila moja na mfuniko wake, na nyingi hazijawahi kuonja moto. Mabeseni ya maua nayo yalijipanga ukutani kwa upana wake. Angezitia moja ndani ya nyingine, jiko lile lingetosha harusi nzima kucheza.

Bibi yangu alikuwa akisema kwamba sufuria ya mwanamke ikilala nje, wapita njia wajue amefukuzwa na mume. Kwa hiyo wapita njia wa Munigi walitutazama. Mama alipika juu ya yale mawe meusi ya volkano, mvua ikimshukia, mimi nimeinua beseni juu ya mbabula ili moto usizime. Alipiga magoti, tumbo limemgusa mapaja, akipuliza. Maharagi hayakuiva hata siku moja. Baba aliyatafuna hivyo hivyo, kwa kuwa hakuthubutu kumjibu dada yake mkubwa. Na kutoka ndani tulimsikia shangazi akiimba nyimbo za kanisa huku akikoroga sombe, kisamvu chake.

Mama hakulia. Siku moja tu, akikamua kitenge chake, aliniambia: "Siku moya atasema mwenyewe kama fasi ilikuwako." Hakutaka kingine kutoka kwake, si chumvi, si kuombwa msamaha. Alitaka neno hilo tu, litoke katika kinywa kile kile.

Baadaye baba alipata kazi ya kupakua malori, tukapanga nyumba ya mbao mjini, mtaa wa Mapendo. Jiko letu lilikuwa kibanda ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Ninyi mnaoishi kwa kubanana, mngemwona mama alivyolipanga! Hakuacha kitu kigusane na sakafu isipokuwa mbabula na kigoda. Sufuria alizivisha, kubwa ikimeza ndogo, akazitundika kwa misumari kwenye boriti. Mifuniko aliichomeka nyuma ya ubao mwembamba uliopigiliwa ukutani, ikasimama kama vitabu vya padri. Bidoni, dumu la manjano la maji, alilikata mdomo, akaligongomea karibu na mlango, likawa nyumba ya miko na visu. Vitunguu vilining'inia ndani ya wavu. Meza yake ilikuwa ubao mmoja wenye bawaba za mpira wa tairi. Akimaliza kukata mboga za lengalenga, anaushusha, unalala ukutani. Majirani walikuja kuiga. Mimi nilidhani anapenda usafi tu.

Kisha vita vikashuka mpaka Munigi. Asubuhi moja shangazi alitokea uani kwetu, amejaa vumbi, nyuma yake binti zake wamebeba zile sufuria za harusi. Moyo wangu ulicheza. Nilitazama mbinguni kama kuna mawingu. Nilitaka zilale nje, zipigwe na mvua, zipate kutu, na wapita njia wote wa Mapendo wapite.

Mama alijifuta mikono. "Karibu, Mama Jeanine," alisema, akimwita kwa jina la binti yake. "Leta masufuria. Fasi iko."

Akazipokea moja moja mbele ya majirani, akazivisha, akazitundika. Zote zikaingia. Kisha akamwekea shangazi kigoda katikati, chini kabisa ya sufuria hizo. "Ikala. Wewe ni mugeni."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama hakumpa hata mwiko. Shangazi akinyanyuka kukoroga, anaambiwa, "Pumuzika, mama." Akitaka kuosha sahani, mmoja wetu amekwisha kuiosha. Alikaa pale wiki baada ya wiki, sufuria zake zikining'inia juu ya kichwa chake, akipakuliwa chakula kilichoiva vizuri, na kila mgeni aliyeingia mama alimwonyesha: "Muone, masufuria ya wifi yangu yote iliingia. Kajikoni haka haka." Kanisani walimsifu mama. Padri alimtaja katika mahubiri. Shangazi alikonda, na nyimbo zikamkauka.

Mimi nilikasirika. Nilimuuliza mama kwa nini hamtupi nje yule mchawi. Akanishika sikio, polepole. "Inje angezoea. Humu ndani hatazoea." Sikuelewa.

Siku moja mvua ilipokuwa ikipiga mabati, shangazi alisimama ghafla, akatungua sufuria yake mwenyewe.

"Acha nikapike inje, Mama Paluku. Nakuomba."

"Mvua inanyesha, mama. Fasi iko."

"Najua iko." Aliikumbatia ile sufuria. "Hata kwangu ilikuwako. Mulikuwa munalowana, na fasi ilikuwako."

Mama alichomoa mwiko kwenye bidoni, akampa, akasogea pembeni. Siku hiyo shangazi ndiye aliyesonga fufu. Mimi nilikula kwa furaha mbaya ambayo mpaka leo sijaitubu, wala shangazi sijamsamehe.

Walipika pamoja mpaka Munigi ilipotulia, na hata baada ya hapo walitembeleana. Watu walisema, tazama upendo. Miaka mingi baadaye shangazi alifariki, na kwenye matanga mama alilia kuliko binti za marehemu, hata wakamshika asianguke. Nilichukia. Nilimwona mnafiki, au amezeeka akasahau mvua ile.

Nimekuja kuelewa nilipopata jiko langu na mawifi wangu. Sisi wote, padri na majirani na baba, tulimwita mama mtakatifu. Ni mtu mmoja tu duniani aliyejua alichofanyiwa na mama kwenye kile kigoda, na kwa ustadi gani. Huyo ndiye waliyekuwa wanamfukia siku ile, na mama akabaki na sisi tuliomdhania mpole.