Taya la Mama Mkwe

Saa mbili asubuhi, taa za chumba cha vipimo zimepunguzwa ili kioo cha mashine kionekane vizuri. Mgonjwa amelalia ubavu wa kushoto. Kichwani pake amesimama mwanamume mnene mwenye mikono mipana. Kiganja kimoja kiko chini ya taya la mgonjwa, kingine kimeshika bomba la kufyonzea mate.

"Pumua taratibu, bwana," anamwambia. "Wewe umeshafika. Iliyobaki ni kazi yetu."

Wenzake wanamwita Taya, na jina limemkaa. Ni muuguzi. Daktari ndiye anayepitisha kooni mpira mwembamba wenye kamera na ultrasaundi kwenye ncha, unaoshuka hadi tumboni na kulichungulia kongosho, kiungo kilichojibanza nyuma ya tumbo, ambako picha zinazopigwa kwa nje wakati mwingine hubahatisha tu. Taya anahakikisha kichwa kimetulia, mate hayapalii na pumzi inakwenda. Kushika tu, mtu atasema. Haya, jaribu wewe kumshika mtu mwenye hofu nusu saa nzima, halafu tuongee.

Ukimuuliza ni taya gani hatalisahau, anacheka kwanza.

"La mama mkwe," anasema.

Mwaka jana mama huyo, mshonaji wa mashuka, alianza kuwashwa mwili mzima. Macho yakawa ya njano, nguo zikampwaya. Picha ya kwanza ikaonyesha uvimbe kwenye kongosho. Neno saratani likatajwa, na nyumba nzima ikanywea. Ili ijulikane moja, ilibidi apimwe kwa ule mpira, na sindano ichukue kinyama kidogo cha kupimwa.

Mama akagoma. Si kwa kuogopa sindano, hata kidogo. Aligoma kwa sababu mshika taya ni mkwewe. Tangu bintiye aolewe, hakuwahi kutia tonge mdomoni mbele ya mkwe. Akija kuwatembelea, hula jikoni. Leo alale mbele yake mdomo wazi, mate yanamchuruzika? Alisema heri afe na heshima yake.

Binti alilia mpaka sauti ikamkauka. Taya akaenda kwa mama, akakaa mbali kidogo kama siku zote, akamwahidi kwamba atasimama nje ya mlango na muuguzi mwingine ndiye atakayeshika. Mama akakubali kwa shingo upande.

"Pale nje nilikuwa sina kazi," anakumbuka. "Sijawahi kuuogopa mlango kama ule."

Ndani, mama alipowekewa kizibo cha mdomo, kile kinachozuia meno yasiume mpira, aligeuza macho mlangoni. Mikono ya mtu asiyemjua iko usoni pake, mashine inalia. Akakitoa kizibo, akaketi, akauliza mkwewe yuko wapi.

"Mwiteni," akasema. "Kama ni kuaibika, niaibike kwa mtu wangu."

Taya akaingia, akalishika taya lile mpaka mwisho. Daktari akauzunguka uvimbe polepole, na kwenye kioo likatokea jiwe dogo kama punje ya dengu, limeziba mrija wa nyongo. Picha ya kwanza haikuliona. Kinyama kilichukuliwa hata hivyo, kuondoa shaka. Jiwe likatolewa kesho yake, na majibu yalipokuja hayakuwa na saratani. Kongosho lilivimba kwa sababu ya lile jiwe.

Taya alipewa majibu akiwa koridoni. Muuguzi mzima, aliyeona mengi, akajifuta machozi kwa kofia ya kazini, wala hakujali nani anamtazama.

Sasa anawafundisha wauguzi wawili wa kike kazi hiyo ya kushika. Anataka mwakani mwanamke atakayetaka mkono wa mwanamke asiukose, kwa sababu anasema wapo wanaouawa na aibu kabla ya ugonjwa.

Jumapili, nyumbani kwake, chakula kiko mezani. Mama mkwe anatoka jikoni na sahani yake mkononi, anavuta kiti, anaketi mkabala na mkwewe. Binti anaacha kupakua.

"Mnashangaa nini?" anauliza mama. "Huyu ameshaniona mpaka tumboni. Nimfiche nini tena, meno?"

Anatia tonge mdomoni, anatafuna bila haraka, anameza.

"Mkwe, nisogezee chumvi."